Dakika Mbili Mbele

...kidole changu kilikuwa tayari juu ya mshale wa dakika. Nikajisemea, dakika mbili tu, nani atajua. Nikausukuma mbele. Ulikwenda laini kabisa, haukukataa. Nikarudisha kioo, nikakaza pete yake ya shaba, nikafuta alama za vidole kwa shati, nikafunga sanduku. Na nilifurahi, Rajabu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba siku ile nilirudi nyumbani nafurahi, nikakununulia na kuku.

Nakuanzia katikati kwa sababu nikianza mwanzo najijua, nitazunguka mpaka karatasi iishe. Umekwenda kunyoa pale chini kwa yule Mghana, na Jumamosi foleni yake ndefu, kwa hiyo nina muda kidogo. Begi lako liko mlangoni. Kesho asubuhi unapanda treni kwenda chuo cha mabaharia, na mimi mdomo wangu mzito, unanijua. Ya soksi na ya baridi na ya kula vizuri sitayaandika. Hayo ulikuwa unayajua tangu unafika hapa na miaka kumi na moja, na hukuyajua kwangu.

Saa niliyoigusa ni ile ya Mzee Nurali. Wewe unamkumbuka kwa peremende za tangawizi alizokuwa anakupa. Sijawahi kukuambia nilimpataje. Zamani hizo kabla hujaja nilikuwa nasafisha vioo vya maduka kule Scarborough, upande wa pili wa mji huu, na duka lake lilikuwa katikati ya bucha na pale pa kufulia nguo. Siku moja nafuta kioo, nikasikia ndani mtu anatukana kwa Kiswahili. Nachungulia, namwona Mhindi mzee, lenzi jichoni, anaiambia saa ya ukutani, "Pumbavu wewe, nimekupa kila kitu, unataka nini tena?"

Nikacheka. Akainua kichwa.

"Unacheka nini? Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

"Tanga."

"Tanga kubwa. Tanga wapi?"

"Ngamiani."

"Barabara ya ngapi?"

"Ya kumi na mbili."

Akaitoa lenzi jichoni. "Baba yangu alikuwa na duka barabara ya nane," akasema, "ingia, kioo hakikimbii."

Nikaingia, na kwa namna fulani sikutoka tena. Nikimaliza vioo nakwenda kwake, nafagia, napanga kamani, zile springi za saa, na skrubu kwenye vikopo, namwangalia. Kuangalia ndiyo kazi niliyoiweza maisha yangu yote. Shule niliachia darasa la sita, wewe nilikupata nina miaka kumi na saba, na kuongea mbele za watu kunanitoa jasho mpaka leo. Lakini nikiangalia kitu sikisahau.

Ile saa ya meli ilikaa juu ya kabati peke yake, mbali na nyingine. Saa ya shaba, uso mweupe, imelala kwenye sanduku la mbao ndani ya pete mbili, ili meli ikilala upande yenyewe ibaki sawa. Mzee aliinunua ilipokatwa vyuma meli moja ya mizigo, kabla mimi sijazaliwa. Kila siku saa tatu asubuhi aliigeuza tumbo juu, akaitia ufunguo mizunguko saba na nusu, si saba, si minane. Kisha anapiga simu ile inayotaja saa kamili, analinganisha, anaandika kwenye daftari imekosea sekunde ngapi. Anaiacha hivyo hivyo.

Mimi nikamwuliza, "Mzee, kama unajua imekosea, mbona huirekebishi?"

Akaniangalia kama nimemwambia apake saa samli.

"Saa ya meli hairekebishwi, Shabani. Huigusi mishale yake. Unaandika kosa lake. Ikichelewa sekunde mbili leo, mbili kesho, mbili keshokutwa, hiyo ni saa nzuri sana. Unaijua, unajumlisha, unapata ukweli. Ukiigusa, umefuta yote. Kuanzia hapo hujui kitu."

Habari nyingine alinipa kidogo kidogo, anafanya kazi huku anaongea. Kwamba zamani baharini nahodha alijua yuko kaskazini kiasi gani au kusini kiasi gani, jua na nyota zinamwambia, lakini mashariki na magharibi alikuwa anabahatisha. Meli inajiona iko mbali na nchi kavu, kumbe miamba iko mbele ya pua, wanakufa watu mamia kwa hesabu mbaya. Dawa yake ni kubeba saa ya nyumbani. Jua likifika utosini pale mlipo, unaangalia saa ya nyumbani inasema nini, tofauti yake ndiyo umbali wenu. Huko karibu na ikweta dakika moja ya kosa ni maili kumi na tano. Na hakukuwa na saa ya kwenda baharini. Zile zenye fimbo inayobembea, wimbi moja tu zinachanganyikiwa. Joto linarefusha chuma, baridi inagandisha mafuta.

"Wasomi wote wanatafuta dawa hiyo mwezini," Mzee akasema, "na aliyeweza ni seremala. Seremala, bwana! Hakusoma hata kama wewe."

"Mimi sijasoma, Mzee."

"Ndiyo nasema."

Seremala yule Mwingereza alitengeneza saa ya kwanza kubwa kama kabati, hakuridhika, akatengeneza nyingine, na nyingine, akazeekea humo. Mwisho akatoa moja ndogo, unaweza kuishika kwa mikono miwili. Ilipofika siku ya kuijaribu alikuwa mzee, hawezi safari. Akaenda mwanawe. Sanduku likatiwa kufuli zaidi ya moja, na kila ufunguo ana mtu wake, ili asipatikane mmoja wa kuigusa peke yake. Wakavuka bahari mpaka visiwa vya upande wa pili, wiki na wiki, saa ikawa imekosea sekunde chache tu. Wakubwa wakasema bahati hiyo, rudia. Mwanawe akarudia. Baadaye mafundi wengine wakaifanya nyepesi kutengeneza, kila meli ikaweza kupata yake, na wenye uwezo wakabeba tatu.

"Kwa nini tatu?"

"Ukiwa na mbili zikagombana, utajua ipi mwongo?"

Miaka miwili iliyopita Mzee alikwenda kupasuliwa jicho, akaniachia duka siku tatu. Akaniambia, "Tia ufunguo, andika kosa, basi." Siku ya kwanza nilifanya hivyo, ya pili nikafanya hivyo. Siku ya tatu nikalinganisha, saa iko nyuma dakika mbili na sekunde kumi na moja, kama ilivyotakiwa iwe kwa daftari lake. Lakini mimi nikaona aibu. Niliona kama kosa ni langu, kama mtu ataingia aseme huyu kijana ameachiwa saa, tazama. Nikataka Mzee akirudi aikute sawa. Ndipo nikafungua kile kioo.

Alirudi kesho yake, jicho limefungwa bandeji. Kabla ya kuvua koti akapiga simu yake ile, akalinganisha, akalitazama daftari. Akalinganisha tena.

"Shabani, umeigusa?"

"Sijaigusa, Mzee."

"Labda umefungua kioo kupangusa vumbi?"

"Hapana. Nimetia ufunguo tu."

"Basi inaumwa," akasema. "Niletee taa."

Nikashika taa, Rajabu. Naomba usome hapo taratibu kama nilivyoandika. Nilishika taa mimi mwenyewe, na yeye na jicho moja akaanza kuifungua saa nzima atafute ugonjwa ambao haupo. Kila skrubu akiitoa anaitazama, kisha ananitazama mimi. Nilidhani anataka taa isogee, nikawa nasogeza. Mle ndani mna kijichuma chembamba kuliko unywele, ndicho kinachoruhusu gurudumu lipite jino moja moja. Kibano chake kikateleza kidogo. Nikasikia tik, kama kuvunja kijiti cha meno. Hakunitukana. Hata saa hakuitukana. Alisema tu, "Mikono yangu imekwisha," akafunika na kitambaa. Msimu ule ule wa baridi akafunga duka.

Miezi imepita ndipo ikanijia, niko kwenye basi. Mtu aliyeiandika saa ile kila siku miaka yote hiyo, hakujua kwamba dakika mbili kamili, hakuna sekunde ya ziada, si ugonjwa? Alijua. Alijua kabla hajavua koti. Alikuwa ananipa nafasi kila skrubu, na mimi nasogeza taa.

Sasa utaniuliza, Baba, ya saa ya Mzee yananihusu nini mimi. Mwezi uliopita, tunakula, uliniuliza, "Baba, kwani kunileta huku kulichukua miaka saba kwa nini? Rafiki yangu Kofi, baba yake alimleta kwa mitatu." Nikasema, "Serikali, mwanangu, wana mambo yao." Ukasema sawa, ukaosha sahani yako. Unaosha sahani yako tangu siku ya kwanza uliyofika. Nilikuwa nawaambia watu mwanangu ana adabu. Mtoto wa miaka kumi na moja haombi chai, haombi viatu, begi lake amelifunga liko mlangoni miaka miwili, na mimi nasema adabu.

Si serikali.

Ulipokuwa na miaka tisa ilikuja barua, jibu la maombi yangu ya kukuleta. Nilikuwa nakaa Parkdale, chumba kimoja na Wakongo watatu. Bahasha ya serikali, ina lile jani jekundu la bendera yao juu, ndani karatasi mbili za Kiingereza kitupu. Nikajaribu kusoma, nikaona neno moja ninalolijua, nalo lilikuwa "no". Siku hizi najua halikuwa na maana niliyodhani, lakini siku ile nikasema basi, wamekataa, na wakijua niko wapi watanifukuza na mimi. Ningeweza kumwomba yeyote anisomee. Mmoja wa wale Wakongo alikuwa mwalimu kwao. Mzee Nurali nilikuwa namwona kila siku. Niliona aibu, Rajabu. Mwanaume mzima, baba wa mtu, napeleka karatasi nisomewe kama mtoto. Nikaikunja, nikaitia kwenye bitana la sanduku langu.

Ilikaa humo miezi kumi na tano.

Na kila Ijumaa nilipopiga simu, bibi yako, uliyekuwa unakaa kwake, ananiuliza, "Mwanangu, vipi, wamejibu?" Namwambia, "Bado mama, wanachelewa hawa." Mama yangu mzazi. Alifariki karatasi ziko kwenye bitana, na kumzika sikwenda, nikawaambia watu ni serikali. Mama yako alikwisha olewa Morogoro, kwa hiyo wakakupeleka kwa baba yako mkubwa Hamisi. Yaliyokupata kule hujanisimulia na sikukuuliza, ila usingizini unasema, na mimi nalala macho. Najua ya ule mkanda. Najua ya kulala nje ya mlango.

Hamisi alikuwa anakwambia, "Baba yako kakutupa, angetaka angekuleta." Mimi kwenye simu nakwambia serikali. Ulikuwa na saa mbili zinagombana na umri wa miaka kumi, na ukachagua kuniamini mimi. Hamisi ni mtu mbaya, lakini katika hilo alikuwa karibu na ukweli kuliko mimi.

Kama isingekuwa Mzee ningekuwa nayo mpaka leo. Alikuwa ananisaidia karatasi za kodi, akasema lete kila kitu chako cha serikali, nikasahau na ile imo. Akaisoma kimya. Akasema, "Hii si kukataa. Hawa wanataka mtoto apimwe kifua, basi. Imekuja lini?"

"Wiki iliyopita, Mzee."

Tarehe iko juu pale, imepigwa chapa kubwa. Akaitazama tarehe, akanitazama mimi. Siku walizotoa zimepita, akasema, itabidi tuombe upya. Akachukua kalamu. Aliandika yeye kila kitu, mwaka ukapita tena, ukaja.

Kwa hiyo unaona, alishanijua mimi ni mtu wa namna gani. Na bado akaniachia saa.

Ulipokuwa na miaka kumi na mbili, tumekaa kwenye kochi hili hili, uliniuliza bila kunitazama, "Baba, mimi nilikuwa na kosa gani?" Nikasema, "Huna kosa, maneno gani hayo," nikaongeza sauti ya televisheni. Ndicho ninachokiona nikifumba macho. Wewe miaka yote umekuwa unajifungua skrubu moja moja unatafuta ubovu ulioko ndani yako, ubovu uliomfanya baba achelewe. Na mimi nimeshika taa. Huna ubovu. Aliyeshika mshale ni mimi.

Nilivyokuona umechagua chuo hicho nilicheka na nilikasirika. Kila siku peremende za Mzee na hadithi za Mzee, ona sasa. Nilikwambia kwa ukali, "Siku hizi kuna setilaiti, nani anabeba saa?" Ukanijibu, "Baba, setilaiti ikizimika bado wanatufundisha nyota na saa." Nilitaka kukwambia nimefurahi. Sijui kwa nini nikitaka kusema jambo zuri linatoka la kukaripia. Nimekurekebisha miaka saba, hivi usivae, hivi usiongee, mbona unakaa kama mgeni. Nilikuwa nakusukuma mshale kila siku na kufuta alama za vidole.

Sikuombi unisamehe. Mtu akiomba msamaha siku moja kabla ya safari anataka abebewe mzigo wake kwenye begi la mwingine, na begi lako limejaa. Ninachokupa ni kosa langu lenyewe, limeandikwa, na kiasi chake. Miezi kumi na tano chini ya bitana, na mwaka wa kuomba upya juu yake. Ukitaka kujua uko wapi katika maisha yako, toa hiyo. Hiyo si yako.

Kuna daftari. Mzee alipofunga duka alinipa, akasema, "Chukua, mimi sioni tena." Nililitupa juu ya kabati na sikulifungua mpaka juzi. Kiingereza chake sikisomi chote, lakini namba nasoma. Kila mahali saa iliposhtuka ameandika sababu pembeni. Hapa iliangushwa, hapa ilisahaulika ufunguo, hapa aliisafisha. Nikatafuta ile siku. Tarehe ipo. Ameandika dakika mbili mbele. Pembeni, pa sababu, hakuandika kitu. Si kwamba alisahau, kwa sababu mstari unaofuata ameuruka, kuvunjika kwake ameandika chini zaidi, ameacha nafasi ya mtu kuandika.

Kesho stesheni kama hutaki nikusindikize, nenda peke yako. Nitakuja hata hivyo, nitasimama mbali, kwenye nguzo ya pale wanapouza kahawa. Ukitaka kuja utakuja. Ukipanda bila kugeuka nitakuona tu ukipanda, na hiyo itanitosha kuliko nilivyostahili.

Barua hii naiweka juu ya begi lako. Wali upo jikoni, usinisubiri. Mzee Nurali yuko kwenye nyumba ya wazee kule Scarborough, na tangu mwaka jana kuna siku anamtambua mtu na kuna siku anakuita kwa jina la kaka yake aliyekufa. Leo mchana nilimpigia binti yake. Amesema, "Leo yuko vizuri, amekula, ameuliza saa." Saa sasa ni kumi na mbili kasoro robo, mlango wa wageni wanafunga saa mbili, na kutoka hapa Etobicoke mpaka kule ni treni na mabasi mawili. Nakwenda na daftari, na kalamu hii hii ninayoandikia, niijaze ile nafasi mbele yake akiwa bado anajua mimi ni nani. Lazima niondoke sasa hivi, mwanangu, maana mama yangu alikwenda sijamwambia ukweli, na basi likinipita hili, linalofuata litanifikisha mlango umefungwa.

Baba yako,
Shabani